Kadeti chuoni: kwanza chuo kiwe na uwezo wa kukataa

Mwaka 1961, ukiwa umebaki mwaka mmoja bendera ya Mwingereza ishushwe, Waganda wawili walipewa kamisheni ya uafisa katika King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kwa mara ya kwanza. Mmoja aliitwa Shaban Opolot, mwingine Idi Amin. Makerere wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 39. Ilikwisha kutoa madaktari, walimu, mabwana shamba na wataalamu wa mifugo kwa Afrika Mashariki nzima. Julius Nyerere alisoma pale. Milton Obote alisoma pale. Mwai Kibaki alisoma pale, akaenda London, akarudi kufundisha uchumi. Lakini maafisa wale wawili hawakutokea kwenye kilima cha Makerere, na hakuna aliyetarajia watokee huko.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu kila mara nasikia swali hili likiulizwa, kwenye vijiwe vya Jinja na hata kwenye makongamano ya wasomi: kwa nini Uganda haina mpango wa kufundisha maafisa wa jeshi ndani ya chuo kikuu, mwanafunzi akaendelea na shahada yake huku akijifunza uongozi wa kijeshi, siku ya mahafali akatoka na cheti mkononi na nyota begani? Marekani wanao. Uingereza wanao. Sisi tuna nini kinachotuzuia?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wazo lenyewe naliunga mkono. Ila naamini mpango wa namna hiyo huonekana thamani yake pale chuo kinapokuwa na uwezo wa kuukataa, kuusimamisha au kuufukuza. Chuo kisicho na uwezo huo kikipewa kadeti, kitakuwa kimepewa kambi. Na historia yetu, ukiifuata hatua kwa hatua, inaonyesha kwamba suala la uwezo huo hatujawahi kulishughulikia.

Waingereza walitafuta askari upande mmoja wa nchi na makarani upande mwingine. Askari waliwatafuta Acholi, Lango na Nile Magharibi, wakiangalia kimo, kifua na miguu ya kukimbia. Mtu aliyesoma sana alionekana msumbufu, mwenye maswali. Kusini zikajengwa shule za misheni, ikajengwa Budo, ikajengwa Makerere, na mtoto aliyefaulu huko alielekezwa ofisini. Jeshi likawa na lugha yake, Kiswahili, chuo kikawa na lugha yake, Kiingereza, na ngazi zao hazikukutana popote. Maafisa wote walikuwa Waingereza. Mwafrika alikomea usajini meja, mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni kilipoletwa cheo cha efendi, ambacho kilimweka mtu juu ya sajini lakini hakikumfikisha kwenye uafisa kamili.

Amin alipanda ngazi hiyo yote. Aliingia jeshini mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, akawa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu mwepesi Uganda kwa karibu miaka kumi, akawa efendi mwaka 1959, luteni mwaka 1961. Kwa mfumo uliokuwepo, alikuwa ndiye mtu aliyefaa. Alikuwa na nguvu, aliwajua askari, alitii. Mfumo haukumuuliza kitu kingine.

Uhuru ukaja Oktoba 1962. Januari 1964, miezi kumi na mitano tu baadaye, askari wa kambi ya Jinja waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika. Walitaka nyongeza ya mshahara na walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke. Waziri Felix Onama alikwenda kuzungumza nao, wakamzuia. Obote akalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza, yaani waliokuwa wamefungasha virago juzi tu, waje kumwokoa na jeshi lake mwenyewe. Maasi yalizimwa, mishahara ikapanda, na Waafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka kubwa.

Hapo ndipo pa kusimama na kutazama vizuri, maana ndipo mambo mengi yaliyofuata yalipoamuliwa. Serikali ilihitaji maafisa Waganda mara moja. Ingewatoa wapi? Chuo kikuu kilikuwepo, tena mwendo wa saa chache kwa barabara, kimejaa vijana wa kila kabila, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha hata kupanga mguu kwenye gwaride. Wachache walipelekwa shule za nje, Uingereza na baadaye Israeli. Kwa nafasi zilizobaki wakapandishwa waliokuwa tayari kambini, na aliyekuwa tayari kuliko wote alikuwa Amin. Mwaka 1966 yeye ndiye aliyeongoza mashambulizi ya kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Januari 1971 akaichukua nchi.

Sisemi kwamba shahada ingembadilisha Amin. Elimu haimfanyi mtu kuwa mwema, na bara hili limewaona maafisa wasomi waliowatesa watu kwa ufundi mkubwa kuliko wasiosoma. Hoja yangu ni tofauti. Jeshi lenye mlango mmoja tu wa kuingilia hugeuka mali ya wanaoushika mlango huo. Mwaka 1964 mlango ulikuwa mmoja, na kila aliyepita hapo alidaiwa shukrani na yule aliyempitisha.

Kisha tazama chuo kilivyokuwa katika miaka hiyohiyo. Makerere ikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Baada ya mapinduzi Amin akawa mkuu wake. Mwaka 1972 Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo, alichukuliwa, na hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia katika mabweni na kuwapiga wanafunzi. Mwaka huohuo chuo kilimtunuku Amin udaktari wa heshima wa sheria. Sioni sababu ya kuwacheka walioketi kwenye kikao kilichopitisha heshima ile. Walijua yaliyompata Kalimuzo. Lakini mtu anayezungumzia ushirikiano wa jeshi na chuo kikuu Uganda bila kuukumbuka mwaka 1976 anaacha sura nzima ya kitabu.

Ajabu ni kwamba chuo kikuu kilichoiathiri zaidi orodha ya maafisa wa Uganda wa leo hakikuwa Uganda. Kilikuwa Dar es Salaam.

Oktoba 1966, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba kila mhitimu lazima apitie Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa sehemu tu ya mshahara wake kwa muda, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Bango moja lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza chuoni zaidi ya wanafunzi 300 na kuwarudisha makwao. Huyo ndiye aliyekuwa pia mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kizima. Kwa hiyo hata kule, kwa kiongozi tunayemheshimu kuliko wote, mafunzo ya kijeshi na chuo kikuu vilikutana kwa amri kutoka juu, na waliosema hapana walipakiwa kwenye mabasi.

Mwaka uliofuata, 1967, Yoweri Museveni alifika Dar es Salaam kusoma. Chuo hakikumpa uafisa. Kilimpa vitabu vya Fanon, mwandishi wa ukombozi, kilimpa Walter Rodney ukumbini, na kilimpa wenzake wa kubishana nao usiku, akiwemo John Garang wa Sudan ambaye baadaye angeongoza jeshi la waasi la SPLA. Chama chao cha wanafunzi, USARF, kilikuwa karibu na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na baadhi yao walikwenda kusini kuyaona maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji kwa macho yao. Hakuna kozi iliyoandikwa hivyo kwenye ratiba ya chuo. Walijitafutia wenyewe, kwa hiari yao, na chuo kiliwaacha wajitafutie.

Kutoka hapo ikaja FRONASA, kundi la kivita la Museveni, na mwaka 1976 vijana kadhaa kutoka Uganda wakapelekwa Msumbiji kufundishwa na FRELIMO, wakiwemo Salim Saleh na Fred Rwigyema, ambao hawakuwa wanafunzi wa chuo kikuu hata kidogo. Walikuwa vijana wadogo walioacha shule. Baada ya vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin wengine walipelekwa chuo cha maafisa cha Monduli, Arusha, na mpaka leo ukiitaja Monduli mbele ya afande wa makamo utamwona akijinyoosha kwenye kiti.

Msitu wa Luweero ulipoanza kuwaka, baada ya Museveni na wenzake kuishambulia kambi ya Kabamba Februari 6, 1981, ndipo Makerere ilipoanza kutoa maafisa kwa kweli. Gregory Mugisha Muntu alikwenda msituni mara alipomaliza mitihani yake ya sayansi ya siasa. Mwaka 1989 akawa kamanda wa jeshi lote. Kizza Besigye alikuwa daktari aliyehitimu Makerere. Wasomi kama hao walikutana na wakulima wa Luweero na askari waliolitoroka jeshi la serikali, na ndani ya mchanganyiko huo likazaliwa jambo ambalo King's African Rifles haikulijua: kamisaa wa siasa, afisa ambaye kazi yake ni kumweleza askari kwa nini anapigana na kwa nini asiibe kuku wa raia. Mpaka mwaka 1988, miaka miwili baada ya kuingia Kampala, jeshi hilo halikuwa hata na vyeo rasmi vya kawaida. Mtu aliheshimiwa kwa jukumu lake.

Naliheshimu jeshi lile kwa jambo hilo, na nalisema bila kigugumizi, ingawa najua vita vile viliua watu wengi wasio na silaha na kwamba wapo Waganda, hasa kaskazini, wenye kumbukumbu nyingine kabisa juu ya NRA, yaani jeshi hilo la Museveni. Kwamba darasa na bunduki vilikutana msituni ni kweli. Kwamba vilikutana bila sheria, bila chuo kuulizwa, na kwa gharama ya damu, ni kweli pia. Msitu hauwezi kuwa mtaala.

Baada ya 1986 serikali mpya ilijaribu kuuleta msitu shuleni. Ndiyo chaka mchaka. Kwenye miaka ya tisini vijana waliomaliza kidato cha sita na kungoja kuingia chuo kikuu walipelekwa kwenye mafunzo hayo, wengine kwenye chuo cha siasa cha Kyankwanzi, wengine kwenye shule zilizogeuzwa kambi wakati wa likizo. Alfajiri mbio na nyimbo za Kiswahili, mchana kufungua na kufunga vipuri vya bunduki, jioni mhadhara wa historia ya Uganda. Wengi waliopitia huwa wanayakumbuka kwa furaha, hasa mtoto wa Mbarara aliyelala kitanda cha juu ya mtoto wa Arua kwa mara ya kwanza maishani. Faida hiyo siidharau.

Ila mhadhara wa jioni ulikuwa na mwenyewe. Historia ya Uganda ilisimuliwa kuanzia mabaya ya waliotangulia na kuishia kwenye mema ya Mfumo wa Movement, utawala wa Museveni usio wa vyama, na wapinzani walilalamika, kwa haki, kwamba kodi ya wote ilikuwa inafundisha itikadi ya upande mmoja. Halafu kijana alitoka pale na nini? Hakutoka na kamisheni. Hakuwekwa kwenye jeshi la akiba kama afisa. Hakupewa somo linalohesabiwa kwenye shahada yake. Alitoka na nyimbo. Chuo kikuu alichokuwa anakwenda kujiunga nacho hakikuwa na sauti juu ya kilichofundishwa wala nani alikifundisha. Chaka mchaka lilikuwa jaribio letu la karibu zaidi la kuunganisha vyuo na jeshi, na lilishindwa kuwa hivyo kwa sababu hiyohiyo moja ninayoipigia kelele.

Leo njia ni nyingine. Jeshi, ambalo tangu Katiba ya 1995 linaitwa UPDF (Jeshi la Ulinzi la Watu wa Uganda), hutangaza nafasi za kadeti kwa wahitimu, kisha waliochaguliwa huenda chuo cha kijeshi cha Kabamba, wilaya ya Mubende. Mahali palepale palipovamiwa mwaka 1981 sasa ndipo wanapovishwa nyota. Ukipita uwanjani siku ya usaili utawaona: vijana wa kike kwa kiume, foleni ndefu, bahasha za kaki zimebanwa kwapani zisilowe jasho. Ndani ya bahasha mna nakala za vyeti, kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yenye mhuri wa wino wa zambarau. Kwanza wanakimbia. Anayekimbia vizuri anapita kwa daktari, anafungua kinywa, ananyoosha vidole, anachuchumaa, anapimwa macho. Mwenye shahada ya takwimu na mwenye shahada ya ualimu wanavua viatu pamoja. Miaka mitatu ya chuo imekunjwa ndani ya bahasha, na aliye mezani anaitazama kwa dakika moja, aone daraja, aone mhuri, aiweke upande.

Tatizo langu liko kwenye dakika hiyo. Jeshi linachukua karatasi ya chuo kikuu. Chuo chenyewe hakichangii kitu. Mhadhiri wa sheria hakuwahi kumfundisha kadeti huyu Mikataba ya Geneva akijua kwamba atakuja kuitumia. Mhadhiri wa historia hakuwahi kubishana naye juu ya 1966. Na upande wa pili, wenzake waliobaki chuoni hawakuwahi kukaa benchi moja na mtu anayejiandaa kuwa afisa, wakamzoea, wakamhoji. Kwao mwanajeshi anabaki yule wanayemwona kwenye gari la doria.

Na Uganda inawahitaji maafisa waliokomaa kifikra kuliko wakati mwingine wowote. Tangu Machi 2007 wanajeshi wetu wako Somalia. Luteni wa miaka 25 akiwa Mogadishu anaamua kwenye kizuizi cha barabara kama gari linalokuja kasi lina mabomu au lina mama mjamzito, kisha anaandika ripoti itakayosomwa na wanasheria wa Umoja wa Afrika. Kimo na kifua havitoshi kazi hiyo.

Sasa tuwatazame Wamarekani, maana ndio wanaotajwa kila mara, na mara nyingi wanatajwa vibaya. Watu hudhani mpango wao wa kufundisha maafisa vyuoni, ROTC, ulibuniwa ili jeshi lipate wasomi. Chanzo chake ni hofu. Alden Partridge, aliyewahi kuongoza chuo cha West Point, alianzisha shule yake huko Vermont mwaka 1819, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Norwich, akiamini kwamba jamhuri inayoacha uafisa uwe kazi ya kundi dogo lililofungiwa ndani ya chuo kimoja itakuja kujuta. Alitaka afisa raia, mtu mwenye fani yake na mji wake, anayejua pia kuongoza askari. Mwaka 1862, wakiwa katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lao lilipitisha sheria ya Morrill iliyotoa ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, na ndani yake likaweka sharti kwamba mbinu za kijeshi zifundishwe humo. ROTC yenyewe ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1916. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alipata kamisheni yake kupitia njia hiyo mwaka 1958 akiwa City College ya New York, na miaka 31 baadaye alikuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yao. Hakuwa na mjomba jeshini.

Lakini kinachonivutia zaidi katika historia yao ni miaka ya Vietnam. Wanafunzi waliandamana dhidi ya ROTC nchi nzima. Pale Kent State, Ohio, jengo la mpango huo lilichomwa moto Mei 2, 1970, na siku mbili baadaye askari wa Walinzi wa Taifa waliwaua wanafunzi wanne kwa risasi. Msiba huo hauna cha kuigwa. Harvard, kwa upande wake, ilishughulikia jambo hilo kwa njia ya vikao: mwaka 1969 walimu wake walipiga kura kuuvua mpango ule hadhi ya masomo, na miaka michache baadaye ROTC ikawa imeondoka. Ilirudi rasmi mwaka 2011, baada ya sheria iliyokuwa ikiwazuia mashoga kujitambulisha jeshini kufutwa. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na sababu zao. Ninachokiona mimi ni kwamba jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani liliambiwa na chuo kikuu litoke, likatoka, likakaa nje miaka karibu 40, likarudi baada ya mazungumzo. Hakuna makamu mkuu wa chuo aliyepotea.

Jirani zetu wamechagua njia tofauti. Rwanda wana chuo chao cha kijeshi Gako, ambako kadeti husoma shahada za Chuo Kikuu cha Rwanda huku akiwa kambini. Tanzania nao wameingiza shahada ya sayansi ya kijeshi pale Monduli kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ni mpango mzuri wa kuinua elimu ya afisa, na kwa nchi yenye haraka ndio rahisi zaidi. Ila pale darasa ndilo limehamia kambini. Kadeti bado analala na kadeti, anakula na kadeti, anabishana na kadeti. Alichokitaka Partridge, afisa aliyezoea kukosolewa na mwenzake anayesomea udaktari au ushairi, hakipatikani hivyo.

Kwa Uganda, Katiba yetu yenyewe imefungua mlango. Ibara ya 17 inamtaka kila raia mwenye uwezo kupata mafunzo ya kijeshi anapoitwa kwa ajili ya kuilinda Katiba na mipaka, na inaitaka serikali ihakikishe mahali pa kufundishia papo. Ibara ya 208 inataka jeshi lisilo la chama, lenye sura ya taifa, lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 210 inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za uandikishaji, na kuhakikisha askari wanatoka kila wilaya. Vifungu hivyo vitatu vikisomwa pamoja vinatosha kuanzisha mpango wa kadeti vyuoni kesho asubuhi. Havitoshi kuulinda.

Kwa hiyo uanzishwe na Bunge, kwa mswada uliosomwa na kujadiliwa hadharani. Hati ya makubaliano kati ya jemedari na makamu mkuu wa chuo, iliyosainiwa mbele ya kamera, si sheria, na anayeweza kuivunja ni mwenye bunduki tu. Masomo ya darasani, yaani historia ya vita, sheria ya kivita, uongozi, lojistiki, yapitishwe na Seneti ya chuo kama somo lingine lolote na yafundishwe na wahadhiri wa chuo. Kwata na bunduki viachiwe wakufunzi wa jeshi, tena nje ya eneo la chuo, kwenye likizo. Historia ya Uganda ifundishwe na mtu anayeweza kuulizwa maswali. Nyimbo za chama chochote zisiimbwe.

Na usianzie Makerere peke yake. Hili nalisisitiza kwa sababu kishawishi kitakuwepo; Makerere ina jina, ina majengo, iko karibu na wizara. Tukianzia pale na kuishia pale tutakuwa tumeipindua tu ramani ya Mwingereza: jana afisa alitoka kaskazini asiposoma, kesho atatoka mjini kwa sababu wazazi wake waliweza kumpeleka shule nzuri. Vyuo vya serikali vipo Gulu, vipo Arua, vipo Lira, Soroti, Mbarara, Kabale, na Busitema iko mashariki karibu na mpaka. Idadi ya nafasi igawanywe huko kabla ya tangazo la kwanza kutoka.

Nawajua watakaonipinga, na baadhi yao ni marafiki zangu waliokuwa chuoni Oktoba 2019. Wanafunzi wa Makerere walikuwa wanapinga ongezeko la ada la asilimia 15 kila mwaka. Wanajeshi waliingia hosteli na mabweni, Lumumba ikiwemo, milango ikavunjwa, vijana wakapigwa wakiwa vyumbani mwao. Mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali David Muhoozi, alilaani hadharani kilichofanywa na askari wake. Rafiki zangu huniambia: wewe unataka kuwapa ofisi ya kudumu ndani ya geti? Ni swali zito na silikwepi. Siwezi kuahidi kwamba luteni aliyelala Lumumba miaka mitatu atakataa amri ya kuuvunja mlango wa Lumumba. Naweza kusema tu kwamba wale walioingia usiku ule hawakuhitaji programu yoyote ya kadeti ili waingie. Jeshi lina njia ya kuingia chuoni wakati wowote linapotaka. Chuo ndicho hakina njia ya kuingia jeshini.

Kuna hofu nyingine inayonikosesha usingizi zaidi ya hiyo, nayo ni njaa. Marekani mpango ule hulipa ada ya mwanafunzi, naye hulipa kwa miaka ya utumishi. Hapa kwetu, mtoto wa mjane aliyeuza ng'ombe wawili kulipa muhula wa kwanza ataambiwa kuna karo ya bure akisaini karatasi hii. Atasaini. Nani asingesaini? Hiari ya mtu mwenye njaa ni hiari ya mashaka, na jeshi lililojengwa juu yake litapata maafisa wanaohesabu siku za mkataba. Ndiyo maana ningetaka miaka miwili ya kwanza iwe huru kabisa: mwanafunzi asome, ajaribu, na akiamua kuondoka aondoke bila kudaiwa shilingi na bila jina lake kuandikwa popote. Deni lianze mwaka wa tatu, atakapoapa.

Mswada wa namna hiyo ukija bungeni, nitaufungua kwenye kifungu kinachosema nani anaweza kuusimamisha mpango katika chuo fulani. Sheria ya vyuo vikuu ya 2001 inalipa Baraza la Chuo mamlaka juu ya mambo yake. Kifungu kikisema Baraza, kwa kura zake, linaweza kuiambia UPDF iondoe wakufunzi wake mpaka jambo fulani lirekebishwe, na kwamba wajumbe waliopiga kura hiyo hawataguswa, nitawashauri wazazi wa Jinja wawaandikishe watoto wao. Kikisema uamuzi ni wa waziri baada ya kushauriana na mkuu wa majeshi, nitawashauri wasubiri usaili wa uwanjani kama kawaida.